Vitabu vya Mchezo Mfupi wa Gofu: Tathmini kwa Mchezaji wa Ridhaa wa Uganda

Wachezaji wa ridhaa wa viwanja vyetu huulizana mara kwa mara kama kitabu cha mafunzo kinaweza kweli kuwapunguzia mikwaju karibu na grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, au kama ni fedha inayopotea bure. Nimevisoma vitabu vinavyotajwa zaidi na kuvifanyia kazi uwanjani, na jibu langu ni kwamba vinamfaa sana mchezaji katika kuamua, na vinaweza kumharibia sana katika kupiga. Kuamua ni kujua uchukue fimbo ipi, mpira uangukie wapi, ubiringike kiasi gani, na kama shimo lishambuliwe au mpira uwekwe tu mahali salama. Madhara huanza pale msomaji anapobeba maelezo ya kitabu hadi kwenye mpira wenyewe, akawa anausimamia mwili wake kiungo kwa kiungo wakati ambapo angepaswa kuwa ameshaamua na anapiga.

Mchezo mfupi, kwa hesabu iliyozoeleka, ni kila mkwaju unaopigwa kutoka umbali wa yadi 100 hivi kuelekea shimoni: pichi inayopaa na kutua, chipu inayoruka kidogo na kubiringika, mpira wa kutoka kwenye banka la mchanga, na pati, ule mkwaju wa kuubiringisha mpira kwenye grini. Hapa ndipo mzee wa miaka sitini anaweza kumshinda kijana anayempita kwa yadi themanini kwenye tii, pale mkwaju wa kwanza unapopigwa, na hapa ndipo kitabu kina nafasi ya kusaidia, kwa kuwa nguvu si kitu na akili ni nyingi. Kwa mtu wa Kampala au Entebbe, mwalimu wa kulipwa hupatikana bila shida. Kwa mtu wa Kabale, Tororo au Fort Portal, ambaye huenda akakaa muda mrefu bila kumwona mtu wa kumrekebisha, kitabu kilichoagizwa kutoka nje au kuazimwa kwa mwanachama mwenzake mara nyingi ndicho mwalimu pekee alichonacho, na ndiyo maana inafaa kuvichambua vitabu hivi kwa uangalifu badala ya kuvisifu au kuvipuuza kwa jumla.

Kinachostahili maelezo marefu zaidi ni Short Game Bible cha Dave Pelz, kilichotoka mwaka 1999. Pelz alikuwa mtafiti wa fizikia katika shirika la anga la Marekani, NASA, kabla ya kuhamia kwenye gofu, na kitabu chake chenye kurasa zaidi ya 400 kinabeba alama ya kazi hiyo kila mahali: vipimo, michoro na majedwali, pamoja na hoja zinazojengwa hatua kwa hatua mpaka msomaji akubali. Msingi wa mafundisho yake ni rahisi kuliko unene wa kitabu unavyotisha. Anamtaka mchezaji auone mwili wake kama uso wa saa ya ukutani, mkono wa kushoto ukiwa ndio akrabu kwa anayepiga kwa kulia, kisha ajifunze kurudisha fimbo nyuma hadi vituo vitatu tu: mkono ukielekea katikati ya tarakimu 7 na 8, ukielekea kwenye 9, na ukielekea katikati ya 10 na 11. Kasi ya kushuka haibadilishwi kwa makusudi, na mwisho wa swingi, yaani mzunguko mzima wa fimbo, unakamilishwa vilevile kila mara. Mwenye weji nne, zile fimbo fupi zenye uso ulioinama za kuupaisha mpira, anapata umbali wa aina kumi na mbili unaojulikana kabla hajaugusa mpira.

Thamani ya mfumo huu inaonekana ukimtazama mchezaji wa kawaida akiwa yadi 50 kutoka kwenye bendera. Anairudisha fimbo nyuma kana kwamba anapiga yadi 100, katikati ya kushuka anashtuka kwamba amezidisha, anaizuia, na makali ya weji yanazama ardhini nyuma ya mpira. Mpira unasogea yadi tano. Kinachomwangusha ni uamuzi ulioachwa mpaka katikati ya mkwaju, na hapo mkono hauna la kufanya ila kushika breki. Pelz anaupeleka uamuzi huo mahali pake, yaani kabla ya kusimama kwenye mpira, na kwa jambo hilo peke yake kitabu chake kinarudisha fedha yake.

Wengi wetu hatuna weji nne, na hatuhitaji kuzinunua kwa sababu kitabu kimesema hivyo, ingawa sheria inaruhusu fimbo 14 kwenye mfuko. Mwenye weji ya kawaida na weji ya mchanga anapata umbali wa aina sita, na huo unatosha kabisa kwa mchezaji mwenye handikepu (idadi ya mikwaju anayopunguziwa) ya 18 au zaidi. Kazi iliyobaki ni kupima. Chukua mipira kumi, piga yote kwa kituo kimoja, tembea kwa hatua mpaka pale mipira mingi ilipotua, si pale iliposimama, andika namba hiyo kwenye kikaratasi kinachokaa pamoja na kadi ya alama, kisha uende kituo kinachofuata. Jioni moja au mbili za kazi hiyo zina faida kubwa kuliko kuisoma sura nzima mara ya pili.

Mahali ambapo Pelz anamwacha msomaji wa Uganda ni kwenye nyasi. Kitabu kinamfikiria mchezaji mwenye eneo kubwa la mazoezi na nyasi zilizokatwa kwa kimo kilekile wiki nzima. Kwetu, kati ya Machi na Mei na tena kati ya Septemba na Novemba, mvua hunyesha kiasi kwamba nyasi za pembeni mwa grini huota haraka kuliko mashine inavyozifikia, na mpira hukaa chini kabisa, ukizungukwa na majani yaliyolowa. Uso wa weji ukifika hapo, maji na majani huingia kati yake na mpira, mifereji ya fimbo haiushiki, na mpira hutoka bila ule msokoto wa kurudi nyuma ambao ungeusimamisha. Kisha unaangukia grini laini ambayo huenda ikaumeza papo hapo. Jedwali lililoandikwa Januari ardhi ikiwa kavu halitakubaliana na Aprili hata kidogo. Ushauri wangu ni kuwa na vikaratasi viwili, cha kiangazi na cha masika, na kwenye cha masika kuandika pia mpira unabiringika kiasi gani baada ya kutua, kwa sababu hapo ndipo tofauti inapokuwa kubwa zaidi. Na kuna hali ambazo hakuna mwandishi wa Marekani anayezifikiria: kadi ya klabu ya Jinja iliwahi kuwa na kanuni yake mashuhuri iliyomruhusu mchezaji kuuondoa mpira uliotumbukia kwenye unyayo wa kiboko.

Kitabu cha Pelz cha pati, Putting Bible cha mwaka 2000, kina jambo moja ambalo ningependa kila mchezaji wetu alifahamu. Pelz anasema pati inapaswa kupigwa kwa kasi ambayo, kama mpira ungelikosa shimo, ungepita na kusimama inchi 17 mbele yake. Sababu anayoitoa inaweza kuthibitishwa na yeyote kwa macho yake. Nenda kwenye grini jioni baada ya shindano la klabu, piga magoti, tazama kutoka upande jua likiwa chini. Wachezaji wote wamesimama kulizunguka shimo ili kuokota mipira yao, lakini hakuna aliyekanyaga karibu kabisa na mdomo wake, kwa hiyo limebaki duara la nyasi lililoinuka kidogo, na nje yake kuna ardhi iliyobonyea kwa viatu. Mpira unaofika hapo ukiwa umechoka unapanda duara hilo na kupinda kando, na mpigaji anadhani alikosea mstari. Mpira wenye nguvu kidogo unapita bila kuyumba. Upande wa pili wa hoja ni kwamba shimo lina upana wa inchi 4.25, yaani milimita 108, na kadiri mpira unavyokwenda kasi ndivyo sehemu ya shimo inayoweza kuupokea inavyopungua, kwa hiyo inchi 17 si ruhusa ya kupiga kwa hasira. Kwenye grini zetu zenye nyasi nzito, ambako kosa la kawaida ni kuuacha mpira njiani, namwamini Pelz kabisa.

Matatizo huanza msomaji anapofungua kitabu cha pili. Stan Utley, mchezaji wa kulipwa wa Marekani aliyewahi kumaliza mashimo tisa kwa pati sita tu katika shindano la mwaka 2002, rekodi ya mashindano ya kulipwa ya nchi yake, aliandika The Art of Putting na baada yake The Art of the Short Game, kilichotoka mwaka 2007. Pelz anafundisha fimbo ya pati iende nyuma na mbele kwa mstari ulionyooka kuelekea shabaha, uso wake ukibaki umeitazama shabaha muda wote. Utley anafundisha fimbo isafiri kwa upinde mwepesi, ikiingia ndani kidogo wakati wa kurudi nyuma na tena baada ya kugusa mpira, uso wake ukifunguka na kujifunga wenyewe. Kila mmoja ana hoja iliyopangika, na kila mmoja ana wanafunzi waliofanikiwa. Mwalimu anayekuona angekuchagulia kwa kutazama mikono na mabega yako, lakini kitabu hakikuoni, na msomaji anayevisoma vyote viwili ndani ya mwezi mmoja atajikuta anaanza mkwaju kwa mafundisho ya huyu na kuumaliza kwa mafundisho ya yule.

Mimi niko upande wa Utley kwa mchezaji wa ridhaa, katika pati na katika chipu. Mtu husimama kando ya mpira, hasimami juu yake, na fimbo yenyewe imetengenezwa ikiwa imeinama kumwelekea mpigaji. Upinde mdogo ndio njia ambayo mikono iliyolegea hufuata yenyewe, ilhali mstari ulionyooka unahitaji kushikiliwa. Na katika chipu, Utley anasisitiza jambo ambalo ardhi yetu laini inalidai kuliko lingine lolote: kuitumia sehemu ya chini ya weji, ule unene wa nyuma ya makali, iteleze juu ya nyasi badala ya kuruhusu makali yachimbe. Ukisukuma mikono mbele sana, kama wengi tulivyofundishana, unayaelekeza makali ardhini, na wakati wa mvua ardhi huyakamata. Ukiiacha weji ikae jinsi ilivyotengenezwa na kuupeleka uzito kidogo tu kwenye mguu wa mbele, unaweza kuugusa udongo nusu inchi kabla ya mpira na bado ukapata mkwaju unaokubalika. Kwa mtu anayecheza mara moja kwa wiki, uwezo huo wa kusamehewa ni mkubwa kuliko ustadi wowote wa kupendeza.

Sasa nije kwenye madhara. Kwenye grini ya mazoezi ya mojawapo ya klabu zetu nilimwona ofisa mstaafu wa jeshi akiwa ameweka kitabu wazi juu ya mfuko wake, anasoma aya, anaweka miguu kama picha inavyoonyesha, anapiga chipu, anarudi kusoma. Alikuwa mtu makini na alifanya kazi kwa bidii ya kuheshimika, lakini kadiri alivyoendelea ndivyo mikono ilivyokakamaa, mpaka mipira ikawa ama inalimwa ama inapigwa kichwani na kuvuka grini. Kedi wake, yaani mbeba fimbo, kijana wa Arua, alisubiri kwa adabu, kisha akatandaza taulo kwenye grini hatua tatu hivi kutoka ukingoni. “Afande,” akamwambia, “achana na mkono kwanza. Wewe dondosha mpira juu ya taulo, basi.” Mipira iliyofuata haikuwa mizuri yote, lakini ilipaa, na iliangukia mahali panapoeleweka.

Kijana yule alikuwa na utafiti nyuma yake. Mwaka 1999 Gabriele Wulf na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa watu wasiowahi kucheza gofu, waliofundishwa pichi fupi: nusu waliambiwa waelekeze akili kwenye mwendo wa mikono yao, na nusu kwenye mwendo wa fimbo. Walioelekeza akili kwenye fimbo walikuwa na usahihi zaidi wakati wa mazoezi, na waliendelea kuwa bora walipopimwa baadaye bila kuelekezwa. Tafiti nyingi za michezo zilizofuata zimeelekea upande huohuo. Kwa msomaji maana yake ni hii: sehemu za kitabu zinazozungumzia kiwiko, kifundo cha mkono na pembe ya goti ni za kusomwa nyumbani na kujaribiwa polepole bila mpira, na sehemu zinazozungumzia mahali pa kutua, urefu wa mruko na sauti ya fimbo ikigusa nyasi ndizo za kwenda nazo uwanjani. Vitabu vingi vya ufundi vina kurasa chache mno za aina hii ya pili.

Kinachozitoa kwa wingi ni kile kidogo kuliko vyote, Little Red Book cha Harvey Penick, kilichochapishwa mwaka 1992. Penick alifundisha gofu Austin, Texas, kwa miongo mingi, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo Tom Kite na Ben Crenshaw. Kitabu ni maandishi mafupimafupi aliyoyakusanya kwa miaka mingi, mengine nusu ukurasa tu, na anayetafuta picha za hatua kwa hatua hatazipata. Anachofanya ni kumrudisha msomaji kwenye shabaha kila mara, na kumhimiza ajifunze mchezo kuanzia shimoni kwenda nyuma: pati fupi kwanza, kisha chipu, na swingi kubwa mwishoni. Anapenda mpira ubiringike kuliko kupaa pale njia inaporuhusu, na ushauri huo ni wa thamani kwetu, maana nimeona wanachama wengi wakiinua weji ya digrii 60 kwa mpira ambao fimbo ya namba 8 ingeusukuma hadi shimoni bila hatari yoyote.

Kwa upande mwingine kuna Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, ambaye kitabu chake Every Shot Counts cha mwaka 2014 hakifundishi kupiga bali kinahesabu. Kwa kutumia kumbukumbu za mikwaju ya wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa, alionyesha kwamba takriban theluthi mbili za tofauti ya alama kati ya mchezaji bora na dhaifu hutokana na mikwaju ya mbali, ya zaidi ya yadi 100. Hili ni onyo la haki kwa wauzaji wa vitabu vya weji. Mchezaji anayepoteza mipira miwili vichakani kila raundi hataokolewa na Pelz wala Utley. Broadie anatoa pia namba inayotuliza moyo: kutoka futi 8, wachezaji wa ngazi ya juu kabisa wa Marekani huingiza karibu nusu tu ya pati zao. Anayekosa pati ya futi 8 pale Entebbe na kulaumu fimbo yake asome ukurasa huo kabla hajanunua nyingine. Hata hivyo siafikiani na wanaoitumia hesabu ya Broadie kusema mchezo mfupi haufai kufanyiwa kazi. Mikwaju mirefu inahitaji mwili, mwalimu na mipira ya kukodi. Chipu inahitaji fimbo moja na ukingo wa grini, na mtu aliyeanza gofu akiwa na miaka 50 atapata maendeleo ya haraka zaidi hapo kuliko kwenye tii.

Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa waliingia katika gofu kwa kubeba fimbo za wengine, na mikono yao karibu na grini haikutokana na kitabu. Walijifunza kwa fimbo chache za kuokoteza, wakiulazimisha uso uleule kutoa mpira wa juu, wa chini na wa kubiringika, na kwa kuwatazama watu wengi wakipiga. Msomaji anaweza kuliiga hilo bila kuacha kusoma: jioni moja aende na fimbo moja tu, alizunguke grini zima, na kila mpira auchagulie mahali pa kutua kwa sauti kabla ya kupiga. Kedi akiwapo, amwombe aseme naye angeuangusha wapi. Majibu mawili yasipolingana, hapo kuna somo ambalo hakuna mwandishi angeweza kuliandika, kwa sababu linahusu grini hiyo na mteremko huo.

Kwa anayeuliza anunue kipi, ningemwelekeza anayeanza kwa Penick na kumzuia asifungue kingine kwa msimu mzima. Mwenye handikepu ya kati, anayegusa mpira vizuri lakini hajui umbali wa weji zake, achukue Pelz, asome sehemu ya vituo vitatu, na ayaache majedwali mengine mpaka atakapoyahitaji. Anayelima ardhi kila mara kwenye chipu achukue Utley, na asimsome Pelz wa pati mwaka huohuo. Broadie ni wa anayependa hesabu, na wa kamati ya klabu inayopanga mafunzo ya vijana. Vyote vimeandikwa kwa Kiingereza. Pelz na Utley ni wa kununua kwa nakala ya karatasi, maana picha na michoro yao ikibanwa kwenye kioo cha simu haionyeshi mkono uko wapi, na anayepiga kwa kushoto atahitaji kuzigeuza picha hizo kichwani mwake au kuzitazama kwenye kioo. Penick husomeka vizuri hata kwenye simu, ukingoja kundi lililo mbele liondoke kwenye tii ya kwanza.